Gari liko baharini: ninavyobuni kipengele kipya kwenye programu ya gari ambayo watu wanaitumia tayari

Saa kumi na moja alfajiri mjomba alinipigia simu. Hata shikamoo yangu hakuingoja. "Mwanangu, gari liko baharini."

Noah yake hulala nyumbani kwake Raskazone, chini ya banda la mabati. Kwenye simu yake alama ya gari ilikuwa imetulia katikati ya maji, mbali kidogo na ufukwe. Nikamwambia atoke nje akaangalie. Akatoka, akarudi: "Lipo. Sasa hii programu yenu ina wazimu?"

Programu yetu ndiyo kazi yangu. Hapa Tanga niko na timu ndogo, mimi nachora skrini na kuamua nini kiingie na nini kisubiri. Gari hufungwa kifaa cha GPS chenye laini ya simu, kifaa kinatuma taarifa kwenye seva, mwenye gari anaziona mkononi. Asubuhi ile ya bahari tulikuwa na orodha ndefu ya vipengele vipya ukutani: kuzima injini kwa mbali, alama za uendeshaji, ripoti ya mafuta, hata salamu za siku ya kuzaliwa ya gari (sitaji aliyeileta). Hakuna aliyekuwa ameandika kwamba gari lisikae baharini.

Haya ndiyo ninayofanya siku hizi nikiambiwa niongeze kitu. Mfano nitakaoubeba mpaka mwisho ni kipengele kimoja kinachoitwa "Mpe gari".

Kaa karibu na simu ya wateja

Usifungue kompyuta kwanza. Nenda ukakae na yule anayepokea simu za wateja. Mimi nilikaa siku mbili, daftari mapajani, nikiandika kila swali kama lilivyotamkwa. Ukilitengeneza umeshalipoteza. Mteja akisema "gari limelala tangu juzi, kulikoni?" nawe ukaandika "tatizo la mtandao", utaenda kutibu mtandao wakati alichotaka ni kujua kama gari lake limeibiwa.

Maswali yaliyojirudia yalikuwa mawili. La kwanza, mbona inasema juzi? Nitalirudia. La pili sikulitarajia: nani analo? Gari wanaliona liko Pongwe, sawa, ila hawajui nani kashika usukani. Daladala na Noah za hapa zina dereva wake na deiwaka wake, yaani dereva wa kushikilia kwa siku. Dereva akiugua au akipata msiba anamwachia deiwaka, na tajiri, yaani mwenye gari, anapata habari jioni, hesabu ya siku anayoletewa ikiwa pungufu. Programu yetu ilijua gari na ilimjua mwenye gari. Mtu wa katikati, ambaye ndiye anayeliendesha kutwa nzima, hakuwepo kabisa.

Baada ya simu, panda gari. Nilikwenda Muheza na kurudi mara tatu, kiti cha mbele, nauli nikalipa kama abiria yeyote. Dereva alikuwa na simu mbili, kiswaswadu cha kupokelea na simu janja ya muziki. Kati ya stendi ya Kange na Muheza, mwendo wa kilomita thelathini na kitu, tajiri alipiga mara nne. Umefika wapi? Umepakia wangapi? Dereva anajibu huku anapishana na lori. Pale nikajua nina hoja ya kumpa dereva: tajiri akiyaona majibu mwenyewe, simu itanyamaza. Kipengele cha gari kikimfaidisha mwenye gari peke yake, dereva atakichomoa. Na nasema kukichomoa kwa maana ya kuchomoa waya.

Kumbukumbu za seva nazo zisome, lakini mwisho, ukishajua unatafuta nini. Zetu zilionyesha kwamba karibu kila mtu anafungua ramani, anatazama, anafunga. Ripoti ya mwezi tuliyoihangaikia wiki tatu ilikuwa inafunguliwa na sisi wenyewe.

Liulize gari linaweza kusema nini

Watu wa michoro hupenda kuruka hapa, na ndipo kazi nyingi zinapokufa. Chukua karatasi, ichore safu nne: ninachotaka kuonyesha, kinatoka kwenye waya gani, kinachelewa kiasi gani, magari gani hayanacho. Kisha mwite fundi umeme wa magari mnywe chai, mjaze pamoja.

Nilitaka kuonyesha joto la injini. Lingetoka kwenye soketi ya uchunguzi, ile yenye pini 16 chini ya dashibodi ambamo fundi huchomeka mashine yake. Marekani iliilazimisha kwa magari mapya kuanzia modeli za 1996, Ulaya ikafuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001. Magari yetu mengi ni ya mkono wa pili kutoka Japani, yaliyotengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe. Unachomeka kwenye moja, linakupa kasi, mizunguko ya injini na joto la maji. Unachomeka kwenye la pili lenye umbo lilelile, linakupa nusu au linakaa kimya. Kwa hiyo joto la injini tukaliacha. Ukiweka kisanduku kwenye skrini ambacho kwa nusu ya wateja kitabaki na kistari milele, wateja hao watadhani wameuziwa kifaa kibovu.

Fomu ya kusajili gari ilikuwa na kosa la ukoo huohuo. Ilidai namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17, maana ndicho kiwango kinachotumika sehemu kubwa ya dunia. Gari la soko la Japani lina namba ya chesisi fupi zaidi, yenye kistari katikati. Wateja walikuwa wanaongeza sifuri mpaka zitimie. Tulikuja kugundua tulipotaka kutuma vikumbusho vya bima na kukuta magari yanayoitwa sifuri tupu.

Halafu kuna betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma kama 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu. Injini ikiunguruma alternata inaipandisha hadi kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Kifaa chetu kinakunywa kutoka humohumo, ndiyo maana kimepangwa kusinzia gari likizimwa na kuamka mara mojamoja kusema nipo. Hilo ndilo jibu la "mbona inasema juzi": gari limeegeshwa, kifaa kimesinzia, na pengine kilipoamka mtandao haukuwepo. Mwenzangu mmoja alitaka gari lililoegeshwa litoe taarifa kila dakika. Nikamwambia ajaribu kwenye gari lake. Jumatatu tulilisukuma.

Lakini namba hizohizo za volti zilitupa kitu cha bure. Gari lililozimwa usiku kucha likisoma chini ya 12.0 asubuhi mbili mfululizo, programu inasema "Betri ya gari inachoka, mwone fundi." Hakuna kifaa kipya wala waya mpya, na kati ya yote tuliyoyaongeza mwaka ule ndicho kilicholeta simu za asante.

Na bahari? Mabati na kuta humchanganya GPS. Mawimbi ya setilaiti yanagonga, yanarudi, kifaa kinapiga hesabu mbaya. Kifaa chenyewe kilikuwa kinajua kwamba kinabahatisha: kilituma idadi ya setilaiti kilizoziona na kiasi cha shaka, seva ikavipokea, skrini ikavitupa na kuchora nukta moja yenye uhakika wote. Hapo tukaweka duara. Kifaa kikiwa na shaka, duara linapanuka, na maneno yanasema "Liko karibu na hapa". Pia kama swichi imezimwa na volti hazijapanda, alama haihami hata GPS ikisema imehama. Gari lililozimwa haliendi kuogelea.

Umri wa habari, na saa zetu

Kila habari inayotoka kwenye gari ina umri wake, na umri huo lazima uonekane. Zamani tuliandika "Hewani" na "Haipo hewani". Mteja akiona "Haipo hewani" moyo unamwenda mbio. Sasa tunaandika hivi: "Limesikika dakika 40 zilizopita, likiwa limeegeshwa Majani Mapana." Ni sentensi ndefu kuliko anavyopenda mtu wa michoro, na inapunguza simu. Kwenye skrini ndogo nilikata picha ya gari ili sentensi ienee. Mtu anajua gari lake lina rangi gani.

Kuna saa pia, na hapa nilikosea mwenyewe. Tulikuwa na sehemu ya kupanga saa za kazi, ili gari likiwashwa nje ya saa hizo mwenye gari apate arifa. Mjomba akaweka 12 mpaka 2. Kwake hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, siku nzima ya daladala. Programu ikaelewa saa sita mchana hadi saa nane. Simu yake ikalia asubuhi yote, akazima arifa zote, na alipozihitaji kweli hazikuwepo. Nilipojaribu kumweleza akaniuliza, "Kwani saa kumi na mbili asubuhi ina jina jingine?"

Ukibuni kwa Kiswahili, basi usitafsiri maneno ukaacha saa ya Kizungu. Mpe mtu achague kipindi kwanza, alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha saa ya ndani ya kipindi hicho. Chini yake, kwa maandishi madogo, onyesha 06:00 kwa wanaosoma hivyo. Na kabla ya kuhifadhi, isome sentensi nzima: "Gari likiwashwa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, nitakuarifu." Mtu anakamata kosa lake akilisoma kwa lugha yake.

Kitufe cha kuzima injini

Hiki kinaombwa na kila mtu. Kiufundi ni rilei, swichi ndogo ya umeme, inayokata umeme wa pampu ya mafuta. Nilikipinga jinsi kilivyoombwa, na bado nakipinga.

Fikiria gari linashuka milima ya Lushoto, kona juu ya kona, na tajiri yuko Ngamiani amekasirika kwa hesabu ya jana. Akibonyeza, injini inakufa, usukani unakuwa mzito, na breki inabaki na msaada wa kukanyaga mara chache tu kabla haijawa ngumu. Walio nyuma hawana habari. Mwaka 2015 watafiti Charlie Miller na Chris Valasek walionyesha Marekani jinsi walivyoiua nguvu ya Jeep Cherokee ikiwa barabara kuu, wao wakiwa mbali, kupitia mtandao wa gari lenyewe. Fiat Chrysler iliita magari kama milioni 1.4 kwa ajili ya marekebisho. Wale walikuwa wanavunja mlango. Sisi tulikuwa tunataka kuuweka wazi wenyewe na kuupaka rangi nyekundu.

Tulichokijenga kinaitwa "Lisiwake tena". Gari likiwa kwenye mwendo amri inasubiri. Likishasimama na kuzimwa, haliwaki mpaka mwenyewe aruhusu. Na ukaguzi huu unafanyika ndani ya kifaa, kwa sababu kasi iliyopo kwenye seva inaweza kuwa ya dakika mbili zilizopita.

Amri yoyote inayokwenda kwenye gari, hata ya kufunga milango, ichore kwa hatua zake: imetumwa, gari limeipokea, imefanyika, au imeshindikana na sababu yake. Usigeuze kitufe kuwa kijani mtu alipobonyeza tu. Kifaa kinaweza kuwa kimesinzia porini Segera. Amri nazo zizeeke: ikipita muda uliopangwa bila kupokelewa, ife na mtu aambiwe. Tuliwahi kupata kisa cha amri iliyokaa njiani tangu usiku ikafika asubuhi, gari likagoma kuwaka mbele ya abiria waliokwisha kulipa. Tangu siku hiyo kila amri ina mwisho.

"Mpe gari"

Sasa mfano wetu. Nilianza kwa kuandika kisa kwenye karatasi, bila skrini: Dereva anaugua. Anamwita deiwaka. Tajiri anajua kabla gari halijatoka. Jioni kila mmoja anajua gari lilikuwa kwa nani kuanzia saa ngapi. Basi. Kilichozidi hapo nilikitupa, ikiwemo alama za uendeshaji walizozitaka watu wa mauzo. Dereva aliyepewa alama 61 na simu atataka kujua 39 zimekwenda wapi, na sisi hatukuwa na jibu la kumtosha.

Pa kukiweka: programu ilikuwa na vichupo vitano chini, na kila mtu ofisini alitaka cha sita. Kumbuka kumbukumbu zilisema watu wanafungua ramani na kufunga. Kwa hiyo jina la aliye na gari likawekwa palepale kwenye ramani, chini ya "Limesikika", na ukiligusa ndipo unapata kubadilisha. Programu ambayo watu wameizoea ni kama nyumba ya mtu: ukihamisha kinu usiku, asubuhi atakigonga.

Jina la kitufe lilituchukua siku nyingi kuliko mchoro. Mimi niliandika "Kabidhi". Nikachora skrini sita kwa kalamu kwenye karatasi zilizokatwa ukubwa wa simu, nikaenda Kange wakati magari yako kwenye foleni, maana dereva wa foleni ana muda. Mmoja aliniambia, "Dada, kukabidhi ni gari la serikali." Mwingine alidhani kukabidhi ni kurudisha gari kwa tajiri jioni, yaani kinyume kabisa. Nilipouliza wao wanasemaje, wakasema, "Nampa gari fulani." Likawa "Mpe gari". Neno "uzio", tulilotumia kwa mipaka ya ramani, nalo lilikufa palepale, kila mtu alifikiria makuti na miti.

Deiwaka wengi hawana simu janja, au wanayo bila bando. Kwa hiyo anayepewa anapata ujumbe wa kawaida wa simu: umepewa gari hili na fulani, jibu 1 kukubali. Bila kukubali, gari linabaki kwa jina la aliyekuwa nalo. Sharti hili lililetwa na madereva wenyewe, waliogopa kubebeshwa gari ambalo hawakuligusa, na faini zake.

Amua mapema nani anaona nini. Tajiri anaona gari. Dereva anaona safari za zamu yake tu. Zamu ikiisha na dereva akaruhusiwa kwenda nalo nyumbani, ramani inasema limeegeshwa, na mizunguko yake ya usiku mtaani haichorwi ila gari likiripotiwa limeibiwa. Tulibishana sana juu ya hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ilinisaidia kushinda, kwa sababu mahali alipo mtu ni taarifa yake hata akiwa ndani ya gari la mwingine.

Na gari likiuzwa? Weka "Nimeliuza" mahali panapoonekana, ifute macho yote ya zamani kwa mara moja. Wala usiamini kwamba anayeijua namba ya gari ndiye mwenye gari. Mwaka 2016 Troy Hunt alionyesha kwamba huduma ya simu ya Nissan Leaf ilikubali maombi kwa namba ya chesisi pekee, namba ambayo mara nyingi inasomeka kwenye kioo cha mbele. Mtu wa nchi nyingine angeweza kuwasha kiyoyozi cha gari lako na kuangalia safari zako. Nissan iliifunga huduma kwanza, ikatengeneza.

Kulitoa nje

Vitufe viwe vikubwa. Android inashauri upana wa vizio 48 vya skrini (dp), mimi kwa kitu cha ndani ya gari naongeza. Jaribu kwenye simu ya bei ndogo yenye kioo kilichopasuka, juani, saa saba mchana. Gari likitembea, skrini ya dereva inabaki na mstari mmoja tu. Mwongozo wa mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani wa 2013 unataka mtazamo mmoja usizidi sekunde 2 na kazi nzima isizidi 12. Uliandikwa kwa vifaa vya ndani ya gari, nimeuazima.

Tuliweka swichi upande wa seva ili "Mpe gari" iweze kuzimwa bila kusubiri watu wasasishe programu. Wako wateja wenye toleo la miaka miwili nyuma, simu zao zimejaa picha za harusi. Toleo la zamani lisipolielewa jina la dereva, lipite kimya lionyeshe ramani kama kawaida. Tulianza na magari ya ndugu na jamaa, kisha njia ya Pongwe peke yake, kisha asilimia chache ya wateja kupitia duka la programu, tukipanda polepole. Wiki ya kwanza nilirudi kwenye kiti kilekile karibu na simu ya wateja, na daftari lilelile. Swali jipya lilikuwa: nikimpa gari kwa makosa, namnyang'anyaje? Tulikuwa tumesahau. "Rudisha kwangu" iliingia siku tatu baadaye.

Mjomba bado anapiga alfajiri. Juzi alitaka kujua kwa nini duara la gari lake ni kubwa kuliko la jirani. Nikamwambia alitoe chini ya mabati. Akasema mabati yale yamewekwa kwa ajili ya gari, na kama GPS haiyapendi basi GPS ndiyo itafute pengine pa kulala.